Mkono wa Odila

Asubuhi ile, kwa mara ya kwanza tangu utawala wa mabwana uangushwe, wenyeji wa mji walikusanyika uwanjani kuamua jambo kwa kura. Kila nyumba ilikuwa na kura moja, hata nyumba ya mjane. Waliulizwa kama Bwana Konradi, aliyewatawala kama baba yake na babu yake, abaki au afukuzwe.

Waliotaka abaki walilingana na waliotaka aondoke. Alikuwa bado Odila, ambaye mumewe alinyongwa kwa amri ya Konradi kwa sababu ya kuwinda sungura katika msitu wa bwana, mwaka wa njaa.

"Mama," Konradi alisema, akivua kofia. Hakuwahi kumwita hivyo. "Mimi ni mzee. Nihurumie."

"Mume wangu alikuomba hivyohivyo," Odila alijibu. "Ulikuwa unakula. Hukuinua hata kichwa."

Akanyoosha mkono afukuzwe.

"Basi imeamuliwa," alisema msimamizi wa kura. "Aondoke leo."

Konradi akatazama huku na huku. "Niende wapi?"

"Msituni," Odila akasema. "Siku hizi si wa mtu mmoja. Ukikuta sungura, mle. Hakuna atakayekunyonga."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alimtazama Konradi akitokomea kati ya miti, kichwa wazi, theluji ya kwanza ikimwangukia.

"Shusha mkono, Odila," jirani alimnong'oneza. "Kura imekwisha."

Lakini mkono ulikuwa bado juu.