Mashine Ikiwa Baridi

Watu sita walikuwa mlimani wakizima moto, na upepo ulikuwa umegeuka. Bwana Misitu Chilongola aliwaita kwa redio ya ofisini mpaka sauti ikamkauka. Kimya.

“Fundi, redio yao si uliipima?”

“Niliipima alfajiri,” alisema Nyamvula, na papo hapo akakumbuka. Mashine yake ya kupimia masafa ya mawimbi ya redio ilikuwa ya zamani, sanduku zito la chuma lenye taa za kioo ndani, na ilitaka nusu saa ipate moto ndipo iaminike. Alfajiri gari la kuwapeleka mlimani lilikuwa likipiga honi nje. Hakuisubiri.

Sasa ilikuwa imewaka tangu asubuhi. Aliizima, akafungua mfuniko, akaanza kuipepea kwa kanga.

“Wewe! Watu wanaungua huko!”

“Redio yao niliiseti mashine ikiwa baridi, mzee. Wako pembeni ya masafa yetu. Ili niwapate, lazima hii yetu niikosee vilevile, mashine ikiwa imepoa.”

Chilongola akavua koti, akapepea naye. Nyamvula aligusa vioo vya zile taa, vikamuunguza. Dirishani, moshi ulishafunika kilele. Akagusa tena, na tena, hadi vikapoa.

Akawasha mashine, akazungusha skrubu ya redio ya ofisini upesi upesi kabla mashine haijapata moto, akabonyeza swichi.

“Shukeni upande wa mtoni! Mnanisikia?”

Akaachia. Mshale wa redio unaoonyesha mawimbi yanayoingia, uliolala tangu asubuhi, uliinuka kidogo, ukabaki unatetemeka.