Makala ya Ndeshi

Sheria haikuwa na huruma: makala ya utafiti ikimaliza mwaka bila kunukuliwa na mtafiti mwingine ilifutwa maktabani, na yote yaliyoandikwa humo yakafutwa kichwani mwa mwandishi. Dakta Anansia alikwisha kupoteza makala mbili za saratani ya damu, wala hakujua tena zilihusu nini. Hii ya tatu ndiyo iliyomweka roho juu. Mgonjwa aliyeelezwa humo alikuwa binti yake, marehemu Ndeshi, na mwaka ulikuwa unaisha jioni hiyo.

Mumewe alikuwa jikoni akimenya ndizi za mtori simu ilipolia. Anansia akasoma ujumbe, akacheka hadi machozi yakamtoka.

“Nimenukuliwa, mume wangu! Mtafiti mmoja wa Mbeya.”

“Ashukuriwe Mungu! Kasemaje?”

“Kasema nilikosea. Eti dozi yangu ndiyo iliyomuua mgonjwa.”

Kisu kikasimama. Anansia alikuwa bado anatabasamu, akijifuta macho kwa upindo wa kanga.

Mumewe akaita taratibu, kama mtu anayejaribu mlango, “Mama Ndeshi.”

“Abee,” akaitika upesi.

Mumewe akashusha pumzi, akachukua ndizi nyingine.