Mashine Ilipomkataa Papa Directeur

Mashine ilimkataa mkurugenzi mbele ya ofisi nzima ya ushirika wa kahawa.

Kwanza ilimwomba nywila ya zamani, akaiandika, ikakubali. Kisha ikaomba mpya. Akarudisha ileile, jina la kifungua mimba wake na tarakimu chache, akabadilisha ya mwisho tu. Kiooni yakatokea maneno ambayo Maisara, fundi wa kompyuta, aliyatunga mwenyewe alipopanga mfumo: *Inafanana mno na ya zamani. Tafuta nyingine.*

"Maisara, mi njo directeur hapa. Uipitishe tu."

Maisara angeweza. Yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa mfumo mzima, na mashine isingembishia.

"Jina ya mutoto yako tunaijua wote, papa. Tulikula ubatizo yake. Utafute ingine."

Maisara akampa mgongo, akatazama ziwa dirishani. Nyuma yake kidole kimoja kizito kilidonoa herufi, kikasita, kikadonoa tena. Kisha kikarudia yote tangu mwanzo, maana mashine hutaka nywila mpya iandikwe mara mbili.

*Imebadilishwa.*

"Umeweka nini, papa?" akauliza mama wa mapokezi, kama ilivyokuwa desturi pale kuambiana nywila.

Mkurugenzi akafungua kinywa. Wote wakasubiri. Akakifunga, akajinyoosha kitini kama aliyevaa suti mpya.

"Haikuhusu, maman."

Mama akamgeukia Maisara. "Basi we utuambie. Si we njo iko na mashine?"

"Hata mi sijue," alisema Maisara, na kifua kikamjaa fahari kuliko siku aliyopokea diploma yake.