Chachu ya Mwaka

"Umeimwaga chachu kwenye uji wa moto, Elinami. Umeiua," Aikande alimwambia mumewe.

"Ulikuwa vuguvugu, Mama Ndeshi."

"Uji vuguvugu gani unaounguza kidole?"

Kila kaya ilipewa na serikali chachu hai iliyosajiliwa, mara moja kwa mwaka. Kufuga yako mwenyewe kulikuwa kosa la kifungo. Na Jumamosi wageni wangekuja kumposa binti yao, Ndeshi. Bila pombe iliyopikwa nyumbani, hawangekubali hata kuketi.

"Tumwombe jirani," Elinami alisema.

"Ya jirani imetengenezwa imjue jirani tu. Itakufa kabla hujavuka geti."

Aikande aliupoza uji kwa barafu, akauchomoa uvunguni mwa kitanda mwiko wa marehemu mama yake, uliogandiwa na chachu ya zamani, akakoroga pipa zima la uji.

"Kesho ikianza kuchacha, madirisha yafungwe," alisema. "Harufu hii haina usajili."