Daktari Asiyeuliza

"Kaa, kaka yangu, usiondoke," mama aliyekuwa akilalamikia kiuno alisema pale nje ya chumba cha daktari, akamvuta mzee mkono wa shati.

Mzee alikuwa ameshasimama tena, kofia mkononi, uso kama wa mtu aliyetafuna ndimu.

"Kukaa nimekaa sana," akasema. "Hospitali kubwa nimekaa hadi benchi likanizoea. Daktari hakuinua hata kope. 'Unaumwa nini?' Kabla sijameza mate, keshaandika. Nikaenda kwa mganga. Yule ni mtu! Akaniuliza habari za nyumbani, za wakwe, nikacheka hadi machozi. Nimetoka kwake nimeridhika kabisa, ila sijapona."

Benchi zima likacheka. Mama naye akacheka, lakini macho yake yalikuwa mlangoni. Akahamia tako hili, akahamia lile. Aliyekuwa ndani angetoka wakati wowote, na baada yake ni zamu ya mzee.

"Hapa ndipo mwisho," mzee akasema, akiketi tena. "Na huyu naye akiniuliza 'unaumwa nini', natoka, nakwenda kujifia kwangu."

"Huyu haulizi," alidakia dada mmoja mwenye mtoto mgongoni. "Anakutazama tu, anakuambia. Mimi alinitajia hadi mume wangu anavyonikoromea nisilale!" Kisha akamgeukia mama. "Ila wewe mama, juzi si ulikuwa unaumwa jino?"

"Mwili huu mwanangu, ukiziba huku unavuja kule."

Akamsogelea mzee, sauti akaishusha. "Kaka, mimi mwenzio choo kinanitesa. Sijamwambia mtu, nimekwambia wewe tu. Na wewe je?"

Mzee akatazama ukuta. "Yangu hayasemeki."

Ndani, kiti kikaburuzwa. Mtu alikuwa anaaga. Jasho likamtambaa mama mgongoni.

"Sema basi, kaka! Mimi ni nani? Tukitoka hapa hatujuani."

Mzee akakunja kofia, akaikunjua.

"Mguu," akanong'ona. "Kidonda chini ya unyayo wa kulia. Hakiumi, ndiyo maana nilikinyamazia. Ila kinanuka. Binti yangu nimemdanganya ni soksi." Akauficha mguu chini ya benchi. "Daktari akijua atasema ukatwe. Na mimi ni fundi cherehani, dada. Nitakanyagia nini?"

Mlango ukafunguka, mgonjwa akatoka.

"Anayefuata!"

Mzee akainuka. Hakuelekea mlangoni, alielekea barabarani.

"Uuuwi, kiuno!" Mama alijikunja hadi kilemba kikamwangukia puani. "Kaka, nipishe nitangulie, nimezidiwa! Nishikie mkoba wangu, usiende nao popote!"

Mkoba ukatua kifuani mwa mzee kabla hajajibu. Mtu muungwana angefanya nini? Akarudi kukaa, mkoba wa mwanamke mapajani, benchi likimcheka.

"Pole, mama," wale wengine wakasema, wakimtazama anavyojikokota, mkono kiunoni, hadi akafunga mlango nyuma yake.

Humo ndani mama akanyooka wima kama mlingoti, akachukua kikombe cha chai kilichokuwa mezani kwa daktari, akapiga funda.

"Haya mke wangu," daktari akanong'ona, "huyo wa sasa ana nini?"

"Kidonda, unyayo wa kulia, hakina maumivu, kinanuka. Usimuulize kitu. Mwambie avue kiatu."