Babu Ndani ya Mashine

Maandishi meupe yalikuwa yamekwama kwenye kioo cheusi. Asubuhi ile Mwanaidi, fundi wa kompyuta, alikuwa amebadilisha kiini cha mfumo, kile kinachoiamsha kompyuta nzima, na sasa kompyuta haikuamka. Ndani yake zilikuwamo picha zote za eksirei za hospitali, pamoja na ya mtoto aliyemeza sindano.

Muuguzi Tabu alisimama mlangoni, simu sikioni. “Dada, daktari anauliza sindano iko wapi. Mtoto ameshalala kwa dawa.”

“Mwambie asikate bado.”

Mafundi wa pale, kila walipoweka kiini kipya, walikiacha kile cha zamani wiki nzima, ili kipya kikigoma, cha zamani kiiamshe mashine. Walikiita babu. Mwanaidi peke yake alikuwa akikifuta siku hiyohiyo, akidai babu anakula nafasi. Na leo je? Alikumbuka kidole chake juu ya kitufe cha kufuta. Alikumbuka Tabu akimwita wakanywe chai. Hakukumbuka kipi kilitangulia, kubonyeza au kuitwa.

Aliizima mashine, akaiwasha tena huku amebana kitufe. Orodha ya viini ikatokea. Juu kilikuwapo kiini kipya. Chini yake, babu.

Alishuka mstari mmoja, akabonyeza. Maandishi yakaanza kukimbia, na safari hii hayakukwama.

“Daktari bado yupo?” aliuliza.

“Yupo. Anasikiliza.”

Picha ya mtoto ilifunguka taratibu kutoka juu: taya, shingo, mbavu za kwanza. Sindano ilikuwa bado haijaonekana.