Unga kwenye Ufa

Nilipofunua kitambaa, donge lilikuwa limeumuka. Mkate wa meza ya Bwana hautiwi hamira, na mimi sikutia. Nikaketi, nikapitisha kidole ndani ya bakuli la kanisa, kandokando ya donge. Kwenye ufa mmoja nikakuta kipande cha unga uliokandwa jana, kidogo kama ukucha wa mtoto mchanga. Jana, kwa uvivu wa kuosha bakuli langu, nilikandia humo mkate wa nyumbani, wenye hamira.

Miaka yote mkate huu aliuoka mjane, jirani yetu. Mwezi uliopita, tukideki kanisa, nilimwambia wifi yangu kwamba yule mama siku hizi anatia hamira. Sikuwa nimeona kitu. Nilichoka tu kusikia anavyosifiwa. Kufika Jumapili, neno likiwa limeongezwa neno, kwaya nzima ilikuwa inasema ni mchawi, na benchi lake akalikalia peke yake. Kazi nikapewa mimi.

Wifi akaingia bila hodi, akalikodolea donge macho.

"Wee! Si bakuli alilokuwa nalo yule mama hilo? Amekuchezea, wifi. Ngoja nikawaambie wenzangu."

Ningenyamaza tu, yangeisha. Nikalididimiza donge kwa ngumi. Likanywea, halafu polepole likaanza kupanda tena kando ya vidole vyangu.

"Wifi, rudi ukae," nikasema. "Maneno ya hamira niliyatunga mimi."

"Maneno yapi tena?"

"Yale ya kwanza, niliyokuambia tukideki."